Chale za Mama Mwenyekiti

Zipora ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Wiliam. Ukimsikia wifi anamsifu wifi mwenzake bila kumchokoza hata kidogo, jua kuna kitu anakitaka kwake. Mimi Martina sitaki kitu, kwa hiyo nitamsema. Ni mkaidi, ana sauti kubwa kuliko mwili wake, na hapa Nkome hakuna anayekaanga sato akamfikia. Wavuvi wakishashusha samaki mwaloni huwa wanayapita majiko ya wengine wakienda kwake, na wenye majiko hayo wamekwisha zoea.

Jambo la pili la kumjua ni kwamba ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Hicho si cheo cha mchezo. Ndiye aliyemsimamisha mama mmoja mbele ya wenzake kwa sababu mtoto wake alikuja ibadani na hirizi kiunoni. Ndiye aliyesema, tena mimi nikiwepo, kwamba Mkristo anayekwenda kwa mganga ameoga akarudi kugaagaa matopeni. Akina mama walimwogopa. Hata mimi nilimwogopa, ingawa sikumwonyesha, maana wifi ukimwonyesha woga umekwisha.

Ugonjwa ulianzia mguu wa kushoto. Alianza kuuburuta, na sisi tukamtania kwamba cheo kimemzidi uzito. Kisha kandambili ya kushoto ikawa inamtoka bila yeye kujua. Siku moja alifika nyumbani na moja tu mguuni, akabisha kwamba aliondoka na mbili zote. Akiinama kunawa uso na kufumba macho, alikuwa anayumba mpaka ashike ukuta. Utani ukaanza kupungua.

Mguu wa kulia nao ukaja na mambo yake. Huo ulikuwa na nguvu zote, ndio uliokuwa unambeba. Lakini siku moja tumekaa jikoni kwake, mimi nachambua dagaa, yeye anageuza samaki, kaa la moto likaruka likatua juu ya mguu huo karibu na vidole. Aliendelea kugeuza samaki. Nikanusa harufu ambayo haikuwa ya samaki, nikatazama chini, nikapiga yowe. Yeye aliutazama mguu ule kama ni wa jirani, akalisukuma kaa kwa mwiko.

“Mbona makelele, wifi?” akasema. “Haliumi.”

Kwa mtu mwingine ningesema ni ushujaa. Kwa Zipora, ambaye akichomwa na mwiba anaita kijiji kizima, niliogopa. Siku ile sikula samaki wala kitu kingine.

Hebu fikiria mwenyewe. Mguu mmoja hauna nguvu, lakini ukiumwagia maji ya moto unaruka. Mwingine una nguvu, lakini moto hauujui. Watu wa mwaloni hawakukosa majibu. Wapo waliosema ni ukoma. Wiliam, ambaye alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu upande wa Geita, alipiga simu akasema ni zebaki. Wachimbaji wakisikia ganzi popote pale, hata ya kulalia mkono, wanasema ni zebaki. Waliobaki, na ndio walikuwa wengi, walinong’ona kwamba binadamu haugui vipande viwili namna hiyo bila mkono wa mtu. Zipora aliwakemea hao kwa jina la Yesu, tena kwa sauti iliyovuka ua.

Tulikwenda kituo cha afya. Tabibu alikuwa mtu mpole. Alimgonga magoti, akamchoma nyayo na pini, akapanda mpaka mapajani, kisha akamwambia afungue blauzi ampime na juu. Zipora akakataa.

“Mwanangu, mimi naumwa miguu,” alimwambia. “Kifuani sijasema kitu.”

Tabibu hakutaka kushindana na mama mtu mzima. Akaandika picha ya kiuno, maana miguu ikishindwa, kiuno ndicho kinachoshukiwa kwanza. Picha ikatoka safi. Tukapewa vidonge na sindano za kiuno. Tulipokwenda hospitali nyingine mambo yakawa yaleyale: miguu ikapimwa, mapaja yakapimwa, ikifika blauzi, Zipora anaishika kwa mikono miwili. Ikapigwa picha nyingine ya kiuno, nayo ikawa safi. Nilidhani ni haya ya kizazi chetu, nikamwacha.

Hali ikazidi. Alianza kutembea na fimbo, halafu na fimbo na bega langu. Mkojo ukawa unamharakisha kama mtoto mdogo, jambo lililomwumiza kuliko mguu wenyewe. Jiko lake likapoa. Wavuvi wakaanza kula kwingine, kwa unyonge, kama watu waliofiwa. Na yeye, mwanamke aliyeweza kuligombeza ziwa, akawa anakaa kitandani akiitazama miguu yake. Jioni moja aliniuliza kama najua mtu yeyote aliyewahi kufikia hapo akatembea tena. Nilimwambia wapo wengi. Sikumjua hata mmoja.

Nikahamia kwake kumsaidia. Kwenye kuoga alikuwa na sheria: mimi nimwogeshe miguu na mgongo wa juu, mengine atajiogesha mwenyewe akiwa amejifunga kitenge. Siku moja kitenge kilidondoka. Nikaziona. Chale ambazo bado ni nyeusi kwa dawa, zimepangwa vizuri kutoka kiunoni kwenda juu, kulia mstari mmoja na kushoto mstari mmoja, mpaka chini ya matiti. Za miguuni nilikuwa nimeziona tangu nianze kumwogesha, lakini alisema ni za utotoni, na hapa kwetu nani atabisha? Nusu yetu tuna chale za utotoni. Hizi za tumboni hazikuwa na umri wa utoto wa mtu yeyote.

Mama Mwenyekiti alikuwa amekwenda kwa mganga.

Nilicheka. Sitasema uongo, nilicheka mpaka nikashika ndoo. Nilimkumbuka yule mama wa hirizi alivyosimamishwa, nikacheka tena. Kisha nikamwona wifi yangu amekaa kwenye kigoda, amelowa, hajaribu hata kukiokota kitenge, analia bila sauti.

“Wifi,” akasema, “mimi nilitaka kutembea tu.”

Kicheko kikaniisha. Nilimfunga kitenge, nikamkausha, nikamwambia hakuna atakayesikia. Na sasa nikajua kwa nini blauzi ilikuwa haifunguki. Nesi wa kituo cha afya anaimba kwaya yetu. Hospitali ya pili ilikuwa mbali zaidi, lakini umbea una miguu mizima kuliko Zipora.

Wiliam alirudi kutoka maduarani, akamwona mke wake, hakutaja tena zebaki. Alikodi gari tukampeleka hospitali mjini Geita. Siku hiyo zamu ilikuwa ya daktari mmoja mwanamke wa asili ya Kihindi aitwaye Anjali. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Shinyanga, na yeye alikulia humohumo dukani kati ya wateja, kwa hiyo alipoingia chumbani alisema, “Mwangaluka, mayu,” yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma chenye lafudhi safi kabisa. Zipora, aliyekuwa amejiandaa kugomba, akajikuta anaitikia. Daktari akamwambia shikamoo vilevile, ili heshima itimie kwa salamu mbili, kisha akaanza kazi. Wiliam akatakiwa asubiri nje.

Alikuwa na pini, pamba na chuma kimoja cha baridi. Alianza mguu wa kulia.

“Nikikugusa na pamba unasikia?”

“Nasikia.”

“Na hiki ni cha moto au cha baridi?”

“Sijui. Nasikia tu kwamba kipo.”

“Na hii ncha inachoma?”

“Haichomi. Unanigusa tu.”

Mguu wa kushoto ulikuwa kinyume chake. Pini ilimfanya aruke, baridi aliijua mara moja. Lakini daktari alipomwambia afumbe macho, akamshika kidole gumba cha kushoto akakiinua na kukishusha taratibu, akamwuliza kiko juu au kiko chini, Zipora alikuwa anabahatisha. Cha kulia alikipata kila mara. Mimi nilikuwa natazama mchezo huo bila kuelewa, lakini nilimwona daktari anaanza kuchangamka, jinsi mchimbaji anavyochangamka akiona mawe yamebadilika rangi. Akarudi kulia, akapanda na pini. Goti. Paja. Nyonga. Bado haichomi.

“Sasa blauzi, mayu,” akasema.

Mikono miwili ikaenda kwenye vifungo.

“Kifua changu hakina ugonjwa, daktari.”

“Huenda hakina. Lakini ganzi hii inapanda na sijaona inapoishia. Nisipojua inaishia wapi, sitajua tatizo liko wapi.”

“Iishie hapo hapo.”

Hapo hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Miezi yote ile ya fimbo, sindano, magari, na mtu anashikilia vifungo!

“Wifi, miguu inakufa wewe umeshika blauzi!” nikamwambia. “Daktari, huyu ana chale. Alikwenda kwa mganga. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, ndiyo maana anaona haya. Basi, nimesema. Ukitaka uninunie, wifi, ninunie, lakini ninunie umesimama.”

Zipora alinitazama kwa jicho ambalo lingemkaanga sato bila mafuta. Mimi nikalitazama dirisha.

Daktari hakucheka, wala hakutikisa kichwa kwa huruma ile inayoudhi. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

“Alipokuchanja, alianzia wapi?”

Zipora alimkagua usoni. Alikuwa anasubiri mahubiri.

“Miguuni,” akasema mwishowe. “Akapanda.”

“Pande zote mbili?”

“Zote. Kwa wembe mpya, niliununua mwenyewe.”

“Vizuri. Upande wa kulia uliuma?”

Nikamwona wifi yangu anafikiri. Mikono ikalegea kwenye vifungo.

“Haukuuma,” akasema. “Alinisifu. Akasema mama huyu ana moyo, hatikisiki. Anachanja mguu, anachanja paja, anachanja tumbo, mimi namtazama tu. Damu naiona, maumivu hakuna. Alipofika hapa,” akaweka kidole chini kidogo ya titi la kulia, “nilipiga kelele nikampiga kofi la mkono. Akafurahi sana. Akasema jini amekutwa mlangoni.”

“Na kushoto?”

“Kushoto nililia tangu kwenye kidole gumba. Wateja wengine walikimbia.”

Daktari alicheka sasa, na Zipora naye, kwa mara ya kwanza tangu kaa lile limwangukie. Akafungua blauzi mwenyewe. Pini ikapanda juu ya chale, moja baada ya nyingine, kimya, kimya, halafu, “Aii!” Palepale alipopaonyesha kwa kidole. Daktari akatoa kalamu akachora mstari juu ya ngozi. Mganga wa watu alikuwa amefanya kipimo kizima kwa wembe wake, ila jibu alilisoma vibaya.

Kisha daktari akatueleza, na mimi nikaelewa, kwa hiyo na wewe utaelewa. Akasema mishipa ya fahamu inayotoka miguuni inaingia kwenye uti wa mgongo na kupanda mpaka kichwani, lakini haipiti njia moja. “Chukueni wanawake wawili kwa kila mguu, wanatoka mwaloni na ndoo zao,” akasema. “Mmoja amebeba habari za maumivu na joto. Huyo akishaingia barabarani tu, anavuka upande wa pili, anapanda huko. Mwingine amebeba habari za mguu uko wapi, umekunjwa au umenyooka. Huyo anafuata upande wake uleule mpaka juu kabisa, ndipo avuke. Na nguvu ya kutembeza mguu, inayoshuka kutoka kichwani, nayo hapo mgongoni inashuka upande wa mguu wake.”

Akageuka kwa Zipora. “Sasa lori limeharibika upande wa kushoto wa barabara. Linamzuia nani?”

Zipora ni mtu wa barabara ya mwaloni. Hakuhitaji kusaidiwa.

“Linamzuia yule wa kushoto anayefuata upande wake,” akasema polepole. “Na yule wa kulia aliyekwisha vuka. Na linaziba nguvu ya mguu wa kushoto.”

“Umemaliza, mayu. Ndiyo maana miguu yako miwili inaumwa magonjwa mawili. Lori ni moja. Liko mgongoni, upande wa kushoto, juu kidogo ya mstari huu. Si miguu, si kiuno, si ukoma. Waliopiga picha ya kiuno walipiga pale ulipowaruhusu.”

“Na hilo lori ni nini?” nikauliza.

“Hilo sijui bado. Linaweza kuwa kitu kibaya, linaweza kuwa kitu cha kutolewa. Picha kubwa ya Mwanza itatuambia. Lakini sasa najua wapige wapi, na nataka mwende kesho.”

Zipora alikuwa anafunga vifungo. Akauliza kwa sauti ndogo kama hizo chale ataziandika.

“Nitaandika kwamba ganzi inaishia chini ya titi,” daktari akasema. “Chale zako hazimhusu mtu.”

“Wabeja,” wifi yangu akamshukuru kwa Kisukuma. “Wabeja sana, mwanangu.”

Tulivuka daraja la Busisi asubuhi iliyofuata, Zipora amelala kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu. Hakuninunia. Njiani alichukua simu yangu akampigia mama mchungaji, akamwambia kila kitu mwenyewe: mganga, wembe, dawa nyeusi. Alisema kama anakwenda kufa kwenye meza ya upasuaji, hataki kufa na blauzi imefungwa. Kisha nikasikia mama mchungaji anasema, “Mama Mwenyekiti, mwanangu wa kwanza alipokuwa mgonjwa, unadhani mimi nilikwenda wapi?” Zipora akanirudishia simu, akatazama paa la gari, na nilimwona anapumua vizuri.

Mwanza walimlaza ndani ya ile mashine ya bomba inayopiga makelele. Daktari wa pale alituonyesha picha. Mgongoni, usawa wa kifua, upande wa kushoto, palepale tulipoambiwa, kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa njugu mawe, umeota kwenye utando wa uti na kuubana. Akasema kwa sura yake haufanani na saratani, aina hiyo inawapata sana akina mama wa umri wake, na hutolewa. Wiliam alisema, “Asante Mungu.” Mimi nilikaa chini sakafuni na pochi yangu. Manesi walidhani nimezimia.

Wakautoa. Baadaye wakaupima, na kweli haukuwa saratani. Nilifurahi, lakini daktari alikuwa ametuonya: uti ulikuwa umebanwa muda mrefu, na kuondoa lori si sawa na kusema wasafiri watarudi. Huenda watarudi wote, huenda wachache, huenda mambo yasibadilike. Siku za kwanza hayakubadilika. Mguu wa kushoto ulilala tu kitandani. Wa kulia wakiuchoma na pini, Zipora anatikisa kichwa. Alikuwa anajifanya mchangamfu, anawapangia manesi namna ya kupika ugali, lakini usiku nilimsikia anaomba, na alikuwa anaomba kwa sauti ndogo, jambo ambalo si lake. Mimi nilikuwa nimechoka kuwa jasiri mbele yake.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda namenya chungwa. Yeye alikuwa ananisimulia kwa hasira habari za mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alidai kwamba sato wa kuchemsha ni mtamu kuliko wa kukaanga. Shuka lilikuwa limesogea. Nikaona kitu kinatembea pale miguuni, nikadhani ni paka ameingia wodini. Nikatazama vizuri. Kilikuwa kisigino chake cha kushoto. Kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu juu ya muundi wa mguu wa kulia, bila kukosea, na yeye anaendelea na habari za sato.

“Wifi,” nikasema. “Unafanya nini?”

“Najikuna. Mbu wa Mwanza hawana adabu, ameniuma hapa mguuni, na panawasha…”

Kisigino kikasimama. Tukatazamana. Kisha wote wawili tukautazama ule mguu uliokuwa unawasha, na ule mwingine uliokuwa umejipeleka wenyewe kuukuna.

Chungwa lilinidondoka. Nilimwita nesi kwa sauti iliyofika mapokezi, na akaja mbio akidhani kuna msiba. Alitukuta tumeshikana, tunalia na kucheka, na mama wa kitanda cha pili analia pia ingawa hakujua sababu. Nesi alipofahamu ni kuumwa na mbu, alishusha pumzi akasema atamletea dawa ya kupaka, kuwasha kuishe.

“Thubutu,” Zipora akamwambia, na akaendelea kujikuna.